Kutoka Kiotani Hadi Wiki ya Kumi: Hotuba kwa Wafugaji wa Sungura wa Nyama

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa kata na vijiji, maofisa ugani, na ninyi ndugu wafugaji mliotoka Tengeru, Usa River, Machame na maeneo mengine ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya mnyama ambaye watu wengi humwanza kwa furaha na kumwacha kwa huzuni kabla mwaka haujaisha.

Nimekuja kuwaomba jambo moja: tuache kuhesabu sungura waliozaliwa, tuhesabu waliofika wiki ya kumi wakiwa hai na wenye afya. Jike wa aina ya New Zealand White au California akitunzwa vizuri huweza kuzaa mara 5 kwa mwaka, na tukichukulia watoto 8 kwa kila uzao tunapata watoto 40. Mfugaji mgeni huzidisha 40 kwa bei ya sokoni, kisha hurudia hesabu hiyo kwa majike 10, na tayari amejiona tajiri. Lakini mtoto wa sungura huzaliwa akiwa na gramu 50 au 60 tu, na hana bei hadi afike kilo 2 au zaidi. Wakifa nusu njiani, jike amekula mwaka mzima, dume amekula mwaka mzima, banda limejengwa na nyasi zimekatwa, na gharama hiyo yote inabebwa na wale 20 waliobaki. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wakiona vifo huongeza majike ili kufidia pengo, jambo linaloleta msongamano bandani, na msongamano huo ndio huzidisha vifo. Banda la majike watatu wanaokuza watoto 30 kila mmoja kwa mwaka lina faida kuliko banda la majike 10 linalonuka mkojo.

Sungura mwitu tunayemwona porini huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka, wanaoweza kujificha nyasini tangu siku ya kwanza. Sungura tunayemfuga ni mnyama mwingine kabisa, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno, na mababu zake walizalia ndani ya mashimo ardhini. Watoto wake huzaliwa uchi, macho yakiwa yamefumba, na katika siku za mwanzo hawawezi kuhifadhi joto la miili yao wenyewe. Tukimweka jike juu ya sakafu ya wavu bila kisanduku cha kuzalia tumemnyima lile shimo, na watoto watakufa kwa baridi hata kama mama ni mzuri na chakula kipo. Hapa kwetu, usiku wa mwezi Juni na Julai, mtoto aliyeanguka nje ya kiota jioni hukutwa asubuhi amekufa.

Kazi ya kuwaokoa watoto huanza siku ya kumpandisha mama. Jike wa aina hizi za wastani asipandishwe kabla ya kutimiza miezi mitano na kufikia angalau robo tatu ya uzito wa sungura aliyekomaa, yaani kilo 3 au zaidi. Tazameni uke wake: ukiwa mweupe au waridi hafifu hayuko tayari, ukiwa mwekundu na umevimba kidogo yuko tayari. Jike ndiye apelekwe kwenye kizimba cha dume, kwa kuwa jike huona kizimba chake kuwa himaya yake na huweza kumshambulia mgeni, na dume naye akipelekwa ugenini hupoteza muda akinusa pembe zote. Yai la sungura huachiliwa saa 10 hadi 12 hivi baada ya kupandwa, kwa hiyo hatuna siku za joto, yaani za kuhitaji dume, za kusubiri kama kwa ng'ombe. Andikeni tarehe hapohapo, kwenye kadi iliyofungwa kizimbani. Mimba huchukua siku 30 hadi 32, na kisanduku kiingizwe siku ya 28, si mapema zaidi, maana jike atakigeuza choo.

Nawasihi sana mpandishe majike wawili au watatu siku moja. Jike ana chuchu 8 hadi 10, na hutokea mmoja akazaa watoto 12 na jirani yake akazaa 4. Waliozaa siku moja, au waliopishana siku mbili tatu, wanaweza kugawana watoto bila shida, ukisugua wale wanaohamishwa kwa manyoya ya kiota kipya ili wachukue harufu yake. Mwenye jike mmoja aliyezaa peke yake hana pa kupeleka ziada, na katika watoto 12 wanaogombea chuchu 8, walio dhaifu hufa ndani ya siku tatu.

Kisanduku chenyewe hakihitaji gharama kubwa. Urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 30 vinatosha kwa jike wa wastani, upande wa mbele ukiwa mfupi ili mama aingie bila kuwakanyaga watoto. Chini kiwe na matundu madogo ya kupitisha mkojo, na ndani mtie nyasi kavu laini au maranda ya mbao isiyo na dawa. Mama atanyonyoa manyoya ya kifuani na tumboni kwake na kuyachanganya humo. Asiponyonyoa, ninyi wenyewe mnyonyoeni taratibu. Katika siku hizo manyoya hayo hutoka kwa urahisi.

Asubuhi baada ya kuzaa, nawieni mikono, mtoeni mama, kisha mfungue kiota. Woga wa kwamba mama atawala watoto kwa sababu wameguswa umewaua watoto wengi, kwa kuwa maiti iliyoachwa kiotani huoza na kuwaambukiza wenzake. Toeni waliokufa, ondoeni kondo na nyasi zilizolowa, muwatazame matumbo. Mtoto aliyenyonya ana tumbo la mviringo na utaona weupe wa maziwa kupitia ngozi. Asiyenyonya ana ngozi yenye mikunjo. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwani wengi hukosea: jike wa sungura hunyonyesha kwa kawaida mara moja tu kwa siku, kwa dakika tatu hadi tano, mara nyingi alfajiri au usiku. Mfugaji anayemkuta mama amekaa mbali na kiota mchana kutwa hudhani amewakataa watoto, akaanza kuwapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na watoto wakapaliwa. Maziwa ya sungura ni mazito mno, mafuta yake yakiwa zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mlo huo mmoja unawatosha. Matumbo yakiwa ya mviringo asubuhi, mwacheni mama apumzike.

Adui wengine wa kiota mnawajua. Siafu wakipanda usiku humaliza watoto wote, kwa hiyo kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na jani lolote linalogusa banda likatwe, maana siafu hulitumia kuwa daraja. Panya huvuta watoto kupitia wavu wenye matundu makubwa. Nyoka, kicheche na nguchiro huzuiwa kwa milango inayofunga sawasawa.

Macho hufumbuka siku ya kumi hadi kumi na mbili. Karibu na wiki ya tatu watoto hutoka kiotani na kuanza kudokoa chakula cha mama, na maziwa ya mama, yaliyokuwa yakiongezeka, huanza kupungua. Tangu siku hiyo hatari huhama kutoka baridi kwenda tumboni.

Tumbo la sungura lina mfuko mpana mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo bakteria wema huchachusha majani. Kutokana na mfuko huo sungura hutoa aina mbili za kinyesi: kile kigumu tunachofagia, na kingine laini chenye utando, ambacho hukila moja kwa moja kutoka mwilini akiwa ametulia. Asizuiwe wala asidhaniwe mgonjwa. Humo hupata vitamini za kundi B na protini ambazo hangezipata kwa njia nyingine. Mfumo huu wote unasukumwa na nyuzinyuzi. Sungura anayekula pumba ya mahindi nyingi na majani machache hupata wanga ambao haukusagwa wote tumboni, wanga huo huwafikia bakteria wabaya, nao huzaliana kwa kasi, na mtoto wa wiki sita aliyekuwa akicheza jioni hukutwa asubuhi tumbo limejaa gesi na sehemu ya nyuma imechafuka. Ndiyo maana nasema nyasi kavu zisikosekane kizimbani usiku na mchana, na pumba au chakula cha punje cha kiwandani kiwe nyongeza ya kupimwa. Anayenunua chakula cha kiwandani asome mfuko: protini iwe asilimia 16 hadi 18 na nyuzinyuzi asilimia 14 au zaidi. Chakula cha kuku wa nyama si mbadala, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ni chache mno, na baadhi yake kina dawa za kuzuia vijidudu ambazo zinamdhuru sungura.

Majani tunayo, tena mengi: majani ya viazi vitamu, mashonanguo, lusini, majani ya mgomba, majani ya kabichi kwa kiasi kidogo. Yakatwe jana kwa ajili ya leo na kutandazwa kivulini yanyauke. Majani mabichi yenye umande yaliyorundikwa kwenye gunia hupata joto na kuchacha, nayo huvimbisha tumbo. Epukeni majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya parachichi, ambayo ni sumu. Kwa sisi tunaoishi katikati ya miparachichi, nalisema hili kwa msisitizo. Punje au pumba yenye ukungu, hata kidogo, isitolewe, maana sumukuvu huliharibu ini. Na maji safi yawepo saa zote. Jike anayenyonyesha huhitaji lita nzima kwa siku na mara nyingi zaidi ya hiyo; akikosa maji anaacha kula, na akiacha kula maziwa yanakauka.

Kuachisha kunyonya kufanyike kati ya wiki ya tano na ya nane, kwa kufuata hali ya watoto na ya mama. Namna inayookoa maisha ni kumhamisha mama na kuwaacha watoto palepale, kwenye kizimba walichokizoea, wakila chakula kilekile kwa siku saba au kumi. Kuwatenga na mama, kuwahamisha na kuwabadilishia chakula siku moja ni kuwapiga mapigo matatu kwa pamoja, na vifo vingi vya wiki ya sita na ya saba ninavyoitwa kutazama vimetokana na hilo. Mama naye apewe nafasi ya kurudisha mwili kabla ya kupandishwa tena, na atakayeonekana mifupa ya mgongo asubiri, hata kama kadi inasema siku zake zimefika.

Katika wiki hizohizo ndipo koksidiosisi hushika. Husababishwa na vijidudu vya jamii ya Eimeria, baadhi vikishambulia utumbo na kimoja kikishambulia njia za nyongo ndani ya ini. Mama aliyekomaa huweza kuvibeba bila kuugua, akavitoa kwa kinyesi, na mtoto akavimeza pamoja na majani yaliyoanguka sakafuni. Dalili zake ni kuhara, manyoya kusimama, tumbo kuwa kubwa huku mgongo ukikonda, na kudumaa. Mayai ya vijidudu hivi yanapotoka na kinyesi bado hayawezi kuambukiza. Yanahitaji hewa, joto na unyevu kwa siku moja au zaidi ili yakomae. Kwa sababu hiyo kile kinyesi laini anachokila moja kwa moja hakimwambukizi, bali kile kigumu kilicholala chini tangu juzi. Mnaelewa sasa kwa nini nasisitiza kufagia kila siku. Banda linalosafishwa Jumamosi kwa Jumamosi huwapa vijidudu muda wote wanaouhitaji, ilhali dakika kumi za kila asubuhi huwakatisha kabla hawajakomaa.

Sakafu ya wavu wenye matundu ya sentimita moja na robo kwa mbili na nusu huruhusu kinyesi kudondoka chini bila kunasa miguu. Wekeni na kipande cha ubao ambapo sungura mzito atapumzisha nyayo, asipate vidonda. Majani yawekwe kwenye hori la kuning'inia, yasitupwe chini. Dawa nyingi za kusafishia hazivunji ganda la mayai hayo, bali maji yanayochemka, moto wa kupitisha juu ya wavu, na kukausha juani huyaua. Dawa za jamii ya salfa na amproliamu hutibu zikiwahi, kwa kipimo cha mtaalamu wa mifugo, nanyi mheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Katika suala la dawa kuna onyo moja ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo. Msimpe sungura amoksilini, ampisilini wala penisilini kwa mdomo, hata kama ndizo zilizobaki kabatini baada ya mtoto wenu kupona kikohozi. Linkomisini na klindamisini nazo ni za kuepukwa. Dawa hizo huua bakteria wema wa ule mfuko mpana, bakteria wenye sumu huchukua nafasi, na sungura aliyekuwa na mafua tu hufa kwa kuhara siku chache baadaye. Dawa ya viroboto yenye fiproni, inayouzwa kwa ajili ya mbwa, nayo ni hatari kwake. Muuzaji wa duka akikupa dawa, muulize waziwazi kama inafaa kwa sungura, na asipokuwa na jibu, mpigie ofisa wako.

Utitiri wa masikio hutambulika kwa magamba mazito ya rangi ya kahawia ndani ya sikio na sungura kutikisa kichwa. Msiyabandue magamba, kwani yana maumivu makali. Lainisheni kwa mafuta ya kupikia kwa siku kadhaa, au mtaalamu amchome dawa ya utitiri iitwayo ivamekitini chini ya ngozi na kurudia baada ya siku 14, na wenzake wa kizimba kimoja watibiwe pia. Ukurutu unaoanzia puani, midomoni na kwenye vidole ni utitiri mwingine, unaoweza kumwasha hata mfugaji mikononi. Kuhusu mafua yenye usaha, yanayoletwa na bakteria wa pasturela, nasema kwa moyo mzito kwamba anayerudiarudia aondolewe katika wazazi, kwa sababu hupona juu juu tu na huambukiza watoto wake. Hewa yenye mkojo hufungua mlango wa ugonjwa huu. Ukiingia bandani macho yakawasha, sungura wako wamevuta hewa hiyo usiku mzima.

Wenye mabanda tambarare za Moshi, au ndugu zenu walioko Tanga na Dar es Salaam, wakumbuke kwamba sungura hatoi jasho. Joto likipita nyuzi 30 hula kidogo, na dume aliyepata joto kali huweza kukosa uwezo wa kutungisha mimba kwa wiki sita au zaidi. Paa la makuti ni bora kuliko bati, na kupandisha kufanyike alfajiri.

Sungura mpya akae peke yake, mbali na wenzake, kwa wiki mbili au zaidi, na ahudumiwe mwisho. Ugonjwa wa virusi unaosababisha sungura kutokwa na damu ndani ya mwili ulitambuliwa China mwaka 1984. Aina yake ya pili ilionekana Ufaransa mwaka 2010, ikafika Nigeria mwaka 2020 na Afrika Kusini mwaka 2022. Hauna tiba, huua haraka, na hubebwa kwa viatu, majani na vizimba vilivyotumika. Wakifa sungura wazima kadhaa ghafla, wengine damu ikiwatoka puani, msile nyama hiyo wala msiiuze. Toeni taarifa siku hiyohiyo ili sampuli ifike Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambao una kituo hapa Arusha.

Kuhusu soko nitasema machache. Hapa kwetu na Kenya kumekuwa na watu waliouziwa majike kwa bei ya juu, kwa ahadi kwamba muuzaji angenunua watoto wote, na ahadi zikakatika. Jengeni soko la nyama kwanza: majirani, wenye hoteli, na meza zenu wenyewe, huku mkiwaheshimu Wasabato na Washia, ambao imani yao haiwaruhusu kuila. Sungura wa kilo 2.2 hutoa nyama ya takriban kilo 1.2, nyeupe na yenye mafuta machache.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchinja, ondoeni chakula kizimbani lakini maji yabaki, na mkifungua tumbo litazameni ini kabla ya kitu kingine. Ini zuri ni laini na lina rangi moja ya damu ya mzee. Likiwa na vidoadoa au vinundu vyeupe, mara nyingi ni koksidiosisi; ini hilo litupwe, na mwandike kwenye kadi sungura huyo alitoka kizimba kipi na kwa mama yupi, kisha kizimba hicho kichomwe moto wavu wake wiki hiyohiyo na watoto waliobaki humo waonwe na mtaalamu.

Ndugu Mwenyekiti, wapo wenzetu waliokuja na kadi za vizimba vyao. Naomba tuzipitie sasa, uzao mmoja baada ya mwingine, tukianza na zile zinazoonyesha vifo vya wiki ya sita na ya saba, na baada ya hapo tuwatazame sungura wenye magamba masikioni. Asanteni sana.